Mwalimu Aliyesikiliza Shikamoo

"Usipokuja shule kesho, ni mtu mzima gani hapa atakayejua kabla ya saa nne?"

Tuliulizwa hivyo siku yetu ya pili kidato cha kwanza, tukiwa tumepangwa mistari uwanjani, vumbi la Januari likitupanda soksi. Aliyeuliza alikuwa mwalimu wa malezi, mwanaume mrefu aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua ambalo lilikuwa linatutoa jasho sisi wengine. Mimi nilikuwa msichana wa majibu. Shule ya msingi mkono wangu ulikuwa umezoea kukaa hewani. Siku hiyo ulibaki chini, kwa sababu nilipopitisha macho kwenye safu ya watu wazima waliosimama kivulini, niliona kwamba hakuna hata mmoja ambaye angejua, si kabla ya saa nne wala kabla ya Krismasi.

Nilimnong'oneza jirani yangu kwamba mwalimu anayeuliza swali lisilo na jibu anapoteza muda wa watu. Alinisikia.

"Wewe unatoka wapi?"

"Daraja Mbili, Mwalimu."

"Haya, Daraja Mbili. Mwisho wa mwaka utaniambia nimepoteza muda kiasi gani."

Tangu siku hiyo hajawahi kuniita kwa jina langu. Si mimi tu. Majina yalikuwa yakimteleza kichwani, kwa hiyo kila mwanafunzi alibeba mahali anapotoka. Darasani kwetu kulikuwa na Ngaramtoni watatu: Ngaramtoni wa Juu, Ngaramtoni wa Barabarani, na Ngaramtoni Mwenyewe. Huyu wa tatu hakuwahi kujua amepataje cheo hicho, lakini alikilinda mpaka kidato cha nne.

Kwa kawaida ukisikia mwalimu wa malezi unamfikiria mtu mwenye sauti laini, anayekukalisha kitini na kukuuliza unajisikiaje. Wetu alikuwa na ofisi ndogo iliyojaa majembe ya shule, na mtoto akiingia humo analia, yeye ndiye aliyeshtuka zaidi. Siku moja nilikuwa mle ndani nikitafuta fyekeo, akaingia msichana wa kidato cha pili, machozi mpaka kidevuni. Mwalimu alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe alimpa furushi la ramani za Jiografia, akamwomba azikunje upya. Msichana akakunja ramani ya Afrika, akakunja ya dunia, akakunja ya maziwa makuu. Alipofika ya mwisho machozi yalikuwa yamekauka.

"Umekunja vizuri," Mwalimu akamwambia. "Sasa nenda kwa Karani, mwambie hayo uliyotaka kuniambia mimi."

Alipoondoka nikamuuliza kwa nini hakumsikiliza mwenyewe, wakati kazi ndiyo hiyo. Hakukasirika.

"Mtoto akilia mbele yangu, naona kama nimepewa usukani wa lori. Sijui kuendesha. Kazi yangu ni kumtafutia dereva."

Na kweli alitafuta madereva. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza alipewa mtu mzima mmoja pale shuleni, akaitwa mlezi wake, na akabaki naye miaka yote minne. Kwa walimu peke yao watu wasingetosha, kwa hiyo aliwaingiza wote: karani, mtunza maktaba, mlinzi wa getini, baba wa bustani, mpishi. Baadhi ya walimu hawakufurahi kuwekwa kwenye orodha moja na mlinzi. Mwalimu wa malezi aliwajibu kwamba mlinzi ndiye pekee anayewaona watoto wote kila asubuhi, wao hata zamu wanategea. Hilo halikumwongezea marafiki kwenye chumba cha walimu.

Jinsi alivyowapanga ndilo jambo lililonisumbua zaidi, kwa sababu halikuwa na fomu wala kura. Kwa wiki tatu za kwanza alizunguka shule na madaftari mkononi, akijifanya anasahihisha. Leo yuko getini, kesho bombani, keshokutwa nyuma ya jiko. Alikuwa anasikiliza shikamoo.

"Shikamoo zote zinafanana, Mwalimu," nilimwambia nilipogundua. "Tumelazimishwa tangu tukiwa wadogo."

"Hazifanani. Ile ya kulazimishwa, mtoto anaitoa huku anatembea. Marahaba inamkuta mgongoni. Kuna nyingine, mtoto anatoa, anaitikiwa, halafu bado yupo. Anafunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka. Hiyo ndiyo ninayoandika."

Wiki ya nne orodha ilibandikwa. Wenzangu walipata mwalimu wa Fizikia, mwalimu wa michezo, makamu mkuu. Mimi nilipata Mama Mpishi.

"Oya, Daraja Mbili kapewa jikoni," alisema Ngaramtoni wa Barabarani. "Wenzio wanapewa maprofesa, wewe mwiko."

Nilikwenda ofisini kabla kengele haijalia.

"Mwalimu, kuna kosa kwenye orodha."

"Kosa gani?"

"Mimi nilikuwa nasimama pale jikoni kwa sababu ya ukoko."

"Najua."

"Sasa huo si ushahidi kwamba nampenda yule mama."

"Nani kataja kupenda? Nimeandika unasimama."

"Nasimamia ukoko."

"Na ukoko unapewa na nani?"

Nilitoka nikiwa na hoja nzuri tatu, zote zimechelewa.

Mlezi alikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, akutane na mtoto mahali panapoonekana: mlangoni pa jiko, getini, chini ya dirisha la karani. Kamwe si chumbani, kamwe si nyumbani peke yao. Mwalimu alikuwa mkali kuhusu hilo kuliko kuhusu jambo jingine lolote, na mwalimu mmoja kijana aliyemwita mwanafunzi wake stoo "wapange vitabu" aliondolewa kwenye orodha siku hiyohiyo, mbele za watu. La pili, amuulize mtoto swali moja kila siku, swali lilelile, alilochagua mlezi mwenyewe. Mlinzi aliuliza, "Leo umepita njia gani?" Karani aliuliza, "Nani kakuudhi?" Mama Mpishi aliuliza, "Jana usiku mlikula nini?"

Nilidhani ni swali la kijinga mpaka nilipojaribu kulidanganya.

"Ndizi nyama," nilimwambia asubuhi moja.

"Ndizi gani?"

"Za kawaida."

"Mshale au nyingine?"

"Mshale."

"Nyama mliweka kabla ya ndizi au baada?"

"Pamoja."

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Alikuwa mama wa Kiarusha kutoka upande wa Ngaramtoni, mfupi, mwenye mikono iliyozoea masufuria ya watu mia nne. "Mwanangu, ukitaka kunidanganya danganya wali. Ndizi huziwezi." Kisha akanipa kikombe cha uji bila kuuliza lingine. Tulikuwa tumelala na chai tu, mimi na mama yangu, na sasa kulikuwa na mtu mmoja shuleni aliyejua. Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nilikwenda kusimama palepale.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja, na mimi nilikuwa nayakusanya kama wengine wanavyokusanya stika. Alihubiri kwamba watoto wasikilizwe, lakini darasani kwake ukinong'ona ulichuchumaa mpaka mwisho wa kipindi. Alijua ni mwanafunzi gani anaishi kwa shangazi na yupi anaamka saa kumi kuchota maji, lakini yeye mwenyewe hakuna aliyejua ana watoto wangapi. Alitaka kila kitu kifanyike kwa wakati, na kila Jumatatu alichelewa. Aliimba besi kwaya ya Kilutheri, kwa sauti kubwa, na waliomsikia walisema wenzake walikuwa wanamsogeza taratibu kuelekea mlangoni.

Walipokuja wageni wa kututia moyo, wale wenye spika na suti za kung'aa, yeye alikaa nyuma akasinzia. Mmoja alitupigisha kelele saa nzima kwamba sisi ni tai. Alipoondoka nilimwamsha Mwalimu nikamuuliza amejifunza nini.

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Ameongea na watoto mia nne. Hakuna hata mmoja aliyeongea naye."

Hapo tulikubaliana, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Kwa kawaida nilimpinga. Nilimuuliza atajuaje kwamba mpango wake unafanya kazi. Nilimuuliza kama mtoto anayebaki shuleni hakubaki kwa sababu nyingine kabisa. Alisema hajui. Nilipomwambia mtu asiyejua hapaswi kuendelea, alisema mbona mimi naendelea na Hesabu.

Sasa niseme habari ya makande, kwa sababu kila aliyesoma pale wakati huo anamkumbuka Mwalimu kwa makande.

Nilikuwa kidato cha tatu, muhula wa pili, na mawingu ya Julai yalikuwa yamekalia mlima. Mama yangu aliugua akalazwa hospitali ya Nkoaranga, kule mlimani. Tulikuwa wawili tu duniani, au hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule, na mgonjwa anahitaji mtu wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza. Jumatatu sikwenda shule. Jumanne sikwenda. Jumatano nikakaa kwenye benchi nje ya wodi nikafanya kile ninachofanya siku zote, nikajenga hoja. Wanaomaliza kidato cha nne wengi wako mtaani. Saluni moja karibu na kwetu ilikuwa inatafuta msichana wa kusuka, na mwenye saluni alisema nianze Jumatatu inayofuata. Mama angetoka hospitali akute kuna kipato. Hoja ilikuwa safi, haina tundu. Niliamua shule imeisha, na sikumwambia mtu, maana nilijua watu watasema nini. Niliona fahari kidogo hata, kwa jinsi nilivyoamua bila kulia.

Alhamisi, kama saa tano, nilimwona mtu anapanda ile njia ya mwinuko kati ya migomba, amefunga aproni, kashika hotipoti kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa anahema. Alikuwa Mama Mpishi.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Jana usiku mlikula nini?"

Nilifungua mdomo nidanganye wali. Sikuweza. Nilikaa chini kwenye nyasi za watu nikalia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na yeye akasimama pembeni anapumua, akisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Alikuwa amekwenda Daraja Mbili kwanza, akagonga milango mpaka jirani mmoja akamwambia tuko wapi. Nilimweleza hoja yangu yote, na saluni, na Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Dada yangu ameolewa hapa chini, nyumba ya tatu ukishuka. Asubuhi na mchana ataleta uji na chakula yeye, na atafua. Wewe utakuja ukitoka shule, na Jumamosi utashinda. Nimeshaongea naye nikiwa napanda."

"Lakini mama..."

"Leo nakaa naye mimi. Nenda kaoge, unanuka hospitali. Kesho nikuone jikoni."

"Na saluni?"

"Saluni itasuka watu bila wewe. Mbona ilikuwa inawasuka."

Mama, aliyekuwa akisikia yote kupitia dirishani, aliita kwa sauti dhaifu kwamba hilo la saluni ndiyo kwanza analisikia, na kwamba akipona tutaongea.

Kesho yake nilikwenda shule, na nikakuta shule nzima inaumwa mataya. Msaidizi wa Mama Mpishi alikuwa amekwenda msibani wiki ile, kwa hiyo mpishi mwenyewe alipoondoka Alhamisi asubuhi jiko lilibaki tupu. Mwalimu wa malezi akavua koti, akaingia jikoni yeye na kofia yake. Makande yanataka kuinjikwa alfajiri. Yeye aliwasha moto saa tatu, na kuni zilikuwa mbichi. Watu walikula saa kumi jioni, mahindi yakiwa magumu kama yalivyotoka guniani, chini yameungua, juu hayajaiva. Ngaramtoni Mwenyewe alihesabu meno yake kabla na baada. Tangu siku ile makande pale shuleni yaliitwa kokoto, na nasikia mpaka leo yanaitwa hivyo na watoto wasiojua kwa nini.

Mkuu wa shule alikasirika sana. Aliwaita mstarini jioni hiyohiyo ya Alhamisi, wenzangu walinisimulia, akauliza mbele ya wote ni nani aliyemruhusu mpishi kuacha kazi. Mwalimu akatoka kwenye safu ya walimu, masizi usoni.

"Mimi ndiye niliyemtuma, Mkuu. Kuna mtoto alikuwa haonekani."

Aliandikiwa barua ya onyo. Wakati huo alikuwa anatajwatajwa kuwa makamu mkuu. Baada ya hapo hakutajwa tena. Nilipokwenda kumwomba radhi alikuwa anasahihisha.

"Umerudi, Daraja Mbili."

"Nimerudi, Mwalimu. Samahani kwa yaliyokupata."

"Mama anaendeleaje?"

"Amepata nafuu."

"Vizuri. Una kazi ya ramani hujaleta tangu Jumatatu."

Hakuniangalia. Nilidhani ni zile aibu zake za kawaida mbele ya mtoto anayetaka kulia.

Januari iliyofuata, alipowakusanya walezi, aliongeza sharti la tatu kwenye orodha: mlezi akitaka kumfuata mtoto haombi ruhusa, anaaga tu. Walimu waliguna. Mkuu aliuliza kama ni mzaha. Mwalimu alisema anaweza kuandikiwa barua nyingine, faili lina nafasi. Sharti likabaki.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda kidato cha tano Singida, nikaenda chuo kikuu, nikasoma ualimu, na huko nikakuta nadharia nyingi zinazosema kwa kurasa mia alichokuwa anakifanya mtu mmoja mwenye madaftari nyuma ya jiko. Nilizihoji zote. Sasa nafundisha Nduruma, na mwaka jana nilitaka kuanzisha walezi shuleni kwetu. Niliandika mwongozo wa kurasa kumi na moja. Jumamosi moja nikaupeleka kwa Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu na kurudi kwenye shamba lake, na shamba lake, kumbe, liko Nkoaranga.

Nilimkuta kwenye kahawa, kikapu kiunoni, kofia ileile au ndugu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama. Nikasubiri, nikajua jina halipo. "Daraja Mbili. Ulisema nimepoteza muda kiasi gani?"

"Bado napiga hesabu."

Alifurahi. Alinikalisha barazani, mkewe akaleta maziwa na ndizi mbivu, akasoma mwongozo wangu na penseli mkononi. Alisoma kurasa zote, sikutegemea.

"Hii fomu ya kila wiki inajazwa na nani?"

"Mlezi."

"Akiwa anajaza, mtoto anafanya nini?"

"Anasubiri."

Akaipiga mstari. Aliendelea hivyo mpaka zikabaki kurasa mbili, na nilipinga kila mstari, na tulipiga kelele mpaka kuku wakahama. Kwenye fomu ya uchaguzi wa walezi aliandika pembeni: kasimame bombani kwanza. Kwenye kipengele cha mahali panapoonekana hakugusa kitu. "Hapa usimwachie mtu hata inchi," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

Nilipoinuka kuondoka nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kulisema sawasawa. Nikasema siku ile asingemtuma Mama Mpishi kupanda mlima huu, leo ningekuwa nasuka. Nikasema nimefundishwa kuhoji kila kitu, lakini hilo sijawahi kulihoji.

Alishika kikapu chake akaanza kuchambua buni, mbichi huku, mbivu huku.

"Mama Mpishi yupo?" akauliza.

"Yupo, Ngaramtoni. Amestaafu naye."

"Umeshakwenda kumwona?"

"Bado, Mwalimu. Kazi."

"Nenda kamwone." Halafu, nilipokuwa nimeshafika njiani, akaita tena kutoka kwenye miti ya kahawa. "Mwambie nimekutuma mimi. Safari hii ni kweli."

Sikuelewa. Nilidhani uzee.

Ilinichukua miezi mitano kwenda. Mama Mpishi alinipikia loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akaniuliza jana usiku nilikula nini, tukacheka, na nikampa salamu za Mwalimu kama zilivyo. Aliacha kukoroga.

"Kunituma? Yule?" alisema. "Alhamisi ile nilikwenda ofisini kwake saa moja asubuhi kuomba ruhusa nikakutafute. Akaniambia hapana, watoto mia nne hawawezi kukaa na njaa kwa ajili ya mmoja. Nikarudi saa moja na nusu, akasema hapana tena. Basi nikamwekea mwiko mezani, juu ya madaftari yake, nikaondoka."